Tarehe ya Ndoa ya Bibi Nyanzobe

Waliponipa kalamu na daftari ili niandike wasifu wa marehemu, nilikuwa sijamaliza hata kunawa mikono baada ya chakula. Ndivyo ilivyo kwangu misibani. Watu wakishajua kwamba mwandiko wako unasomeka, hakuna anayeuliza kama umechoka. Nilikuwa nimefika Usagara asubuhi ile nikitokea Sengerema, ninakofanya kazi siku hizi, na daraja la Busisi limeifupisha safari kiasi kwamba sikupata hata muda wa kujiandaa. Enzi za kivuko ungekaa pale ukinunua karanga, ukitazama maji, ukapanga utakachosema kwa wafiwa. Sasa unafumba macho, unafumbua, umeshafika. Wapangaji wa nyumba ya marehemu walikuwa wametupisha sebule kwa siku za msiba, wakasogeza kochi lao na televisheni yao kwenye kona na kuvifunika kwa shuka, na mimi nikaketi juu ya mkeka mahali palepale ambapo zamani palikuwa na meza ya mumewe, Babu Ngassa. Niliandika jina: Nyanzobe. Nikaandika wazazi wake, mahali alipozaliwa, kanisa alilobatiziwa. Kisha nikaandika neno “Aliolewa”, na kalamu ikasimama hapo. Nje wanawake walikuwa wakigombana kuhusu sufuria la wali. Nilikaa na neno hilo moja kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu mimi ndiye mtu ambaye, miaka tisa iliyopita, aliulizwa swali hilohilo kwa Kijerumani, akalijibu kwa usahihi kabisa, na kwa usahihi huo akamfukuza mama huyu katika nyumba hii.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na alama ambazo hazikunifikisha nilikotaka, na kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba nasubiri majibu, ingawa hakuna majibu yoyote niliyokuwa nikisubiri. Nilifanya kazi kwenye steshenari ya Mama Rozi, pale njia panda: kudurufu, kupiga picha za pasipoti saizi, kuchapa barua za watu wanaoomba kazi na wanaolalamikia mipaka ya mashamba. Nilikuwa mtu wa kutia huruma, sasa naliona hilo. Muhuri ukikaa upande kidogo nilitaka barua nzima ichapwe upya. Nilipiga mistari kwa rula hata kwenye karatasi ambazo zilikuwa na mistari tayari. Usiku sikulala nikikumbuka kwamba mchana niliandika “Misungwi” bila herufi kubwa. Mama Rozi aliniambia mara nyingi, “Minza, wewe siku moja tutakuokota umekufa na rula mkononi,” na wateja walicheka, nami nilicheka nao, halafu nikarudi kukagua koma.

Babu Ngassa aliingia dukani siku moja akiwa na bahasha iliyokunjwa mara nne. Hakuwa babu yangu wa damu. Alikuwa mzee wa jirani, mrefu, mwenye koti la kazi la bluu ambalo hakulivua hata kwenye jua kali. Nikamwambia shikamoo.

“Marahaba, mke wangu,” akajibu, kwa ule utani wa babu na mjukuu. “Hebu soma hapa, uniambie kama mwaka huu bado niko hai.”

Nilifungua bahasha. Sikuelewa hata neno moja. Juu kabisa palikuwa na neno refu kama treni ya mizigo: Lebensbescheinigung. Babu alinieleza kwamba ile ni karatasi ya uhai. Ujanani alipelekwa Ujerumani kujifunza ufundi wa mitambo, akabaki huko miaka mingi kwenye kiwanda cha pampu za maji, na sasa ofisi ya pensheni ya kule ilimtumia fedha yake ya uzeeni, lakini kila mwaka ilitaka ithibitishiwe kwamba hajafa. Aliyekuwa akimjazia karatasi hizo ni padri mmoja mzee wa misheni, naye alikuwa amerudi kwao. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe hakijui Kijerumani, baada ya miaka yote ile. “Nakijua sana,” akasema. “Najua kuagiza supu. Najua kuitukana nati iliyoshika kutu. Lakini hizi za ofisini kulikuwa na mama mmoja pale kiwandani, anajaza, mimi naweka sahihi, naondoka.” Mama Rozi alisema tumwambie aende mjini, atafute mtu aliyesoma. Mimi nikasema niachieni. Nakumbuka nilivyolisema haraka, kama mtu anayeokota kitu kabla mwenzake hajakiona. Nilitaka sana kuwe na jambo moja duniani ambalo nalijua mimi tu.

Karatasi ile ya kurasa mbili ilinichukua wiki tatu. Babu alinipa kamusi yake, ambayo kurasa zake zilikuwa na alama za vidole vya grisi, na nilitafuta neno baada ya neno. Nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye mashine niliandika maneno yale kwa wino mweusi, nikayabandika ukutani pembeni ya kitanda changu: Geburtsdatum, tarehe ya kuzaliwa; Unterschrift, sahihi; Familienstand, hali ya ndoa; verwitwet, aliyefiwa na mwenzi. Kwa hiyo nilijua kusema mjane na mtalaka kabla sijajua kusema habari za asubuhi. Hakuna mtu niliyeweza kusalimiana naye kwa lugha ile, lakini ningeweza kumuuliza mahali alipozaliwa na kama ana watu wanaomtegemea. Jioni nilikwenda kwa Babu ili anisahihishe matamshi. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, redio yake mapajani, nami nikasoma maneno yangu mezani, chini ya kalenda ya zamani ambayo hakutaka kuitoa kwa sababu alipenda picha ya treni iliyokuwa juu yake. Alicheka mpaka akakohoa. “Unaongea kama barua,” aliniambia. Tarehe yake ya kuzaliwa kwenye pasipoti ilikuwa tarehe mosi Januari, na jambo hilo lilininyima raha. Nilimuuliza nani aliichagua. “Karani mmoja aliyekuwa na njaa,” akasema. “Nilimwambia nimezaliwa wakati wa mvua. Akaangalia saa, akaandika Januari moja, akaenda kula.” Niliandika tarehe ile nikijiona kama mtu anayeshiriki uongo.

Bibi Nyanzobe, mkewe, alikuwa mdogo kwa umbo na mwepesi wa miguu. Alituletea chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi, ambavyo unavitafuna polepole huku chai ikivilainisha. Yeye naye alikuwa na utani wake. Kwa kuwa mumewe aliniita mke, yeye aliniita mke mwenzangu. “Mke mwenzangu, leo mume wetu amekufundisha nini?” aliuliza, akisimama mlangoni na kikombe. Nikimwambia neno, alilirudia vibaya kwa makusudi, Babu akalalamika kwamba nyumba hii imejaa wanafunzi wasio na ada. Nimekaa kwenye vyumba vingi tangu wakati ule, vingine vina viyoyozi, lakini nikiulizwa ni wapi niliwahi kujiona mtu mwenye faida, nakumbuka chumba hiki, mafuta ya taa yakinuka kidogo, na wazee wawili wakinisubiri nimalize kutafuta neno. Karatasi ilipokuwa tayari tulikwenda kwa mtendaji wa kata agonge muhuri. Mtendaji alimtazama Babu, akauliza kama utaratibu unavyotaka, “Ngassa mwenyewe ni wewe?” Babu akamjibu, “Ni mimi, labda kama mmeshanizika hamjaniambia.” Miezi miwili baadaye fedha iliendelea kuja, na watu wa Usagara wakaanza kuniita Mjerumani.

Katikati ya mwaka Babu alianza kuumwa kifua. Jioni moja nilikuwa mezani na maneno yangu, wao wakiwa chumba cha ndani, na mlango ulikuwa pazia tu. Nilimsikia akisema, “Wale watano wananisumbua.” Bibi akamwambia aache, wazee wenzake wote wana madeni ya namna hiyo. “Nikitangulia kabla sijawamaliza,” Babu akasema, “siku yako ikifika kaka yako Lugembe atakuja kukuchukua. Atakuzika Bujora kwa baba yako, na hakuna atakayeweza kumzuia. Mimi nitalala hapa peke yangu kama mpangaji.” Halafu Bibi akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Basi wapeleke.” Baadaye Bibi mwenyewe alinieleza. Mahari yake ilikuwa ng'ombe kumi na wawili. Ngassa, akiwa likizo kutoka Ulaya, alipeleka saba, akamchukua mke, na wale watano wakabaki kuwa ahadi. Waliishi hivyo miaka zaidi ya thelathini. Walimzaa binti yao Holo, wakamlea, wakamwoza Kahama, wakapokea ng'ombe wa mahari yake, na ng'ombe wa mama yake walikuwa bado hawajakamilika. Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mahari ni safari, na watu wengi huzeeka wakiwa njiani.

Walinichukua niende kuwa mwandishi. Nyumbani kwa Lugembe, kaka yake Bibi, kule Bujora, ng'ombe watano waliingizwa uani saa nne asubuhi, na wazee wakawazunguka wakiwashika nundu na kuwafungua midomo. Lugembe alikuwa mtu mzito, mzee wa kanisa, asiyependa kuharakishwa. Alimkataa mmoja kwa sababu ya jicho, akaletwa mwingine kutoka kwa jirani, muda ukaenda mpaka saa nane. Kisha alimshika Babu mkono mbele ya watu wote. “Shemeji,” akasema, “leo ndiyo umeoa. Siku zote hizi ulikuwa umemwazima tu dada yangu.” Watu walicheka, wanawake wakapiga vigelegele, na Bibi Nyanzobe, mwenye mvi kichwa kizima, akajifunika uso kwa kitenge kama bwana harusi ndiye anayeingia. Mimi niliandika. “Leo, tarehe tajwa hapo juu, mahari imekamilika na ndoa imetimia.” Niliandika nakala tatu, kwa mwandiko wangu bora kuliko wote, kila mzee akaweka dole gumba au sahihi, na siku iliyofuata nikazipeleka kwa mtendaji zikagongwa muhuri. Muhuri ulikaa sawasawa, katikati. Niliitazama karatasi ile mara nyingi jioni hiyo. Sikuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Babu alifariki miezi minane baadaye, akiwa kwenye kiti chake, redio ikiendelea kuongea. Tulimzika nyuma ya nyumba. Fomu ya pensheni ya mjane ilikuja baada ya muda, kurasa kumi na mbili, na Bibi aliileta dukani akiwa ameifunga kwenye khanga kama mtoto. Pensheni ya mumewe ilikuwa imesimama. Bila ile ya mjane asingeweza kukaa peke yake katika nyumba ile. Ingebidi aipangishe, arudi Bujora kwa kaka yake, mwanamke wa umri ule, akapewe chumba na sahani na wake wa wapwa zake. Hakuficha kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. “Nimezoea kuamka na kukuta sufuria zangu pale nilipoziacha,” aliniambia. Nilijaza ukurasa wa kwanza hadi wa nne bila kufungua kamusi. Kwenye ukurasa wa tano palikuwa na visanduku vya tarehe ya ndoa: viwili vya siku, viwili vya mwezi, vinne vya mwaka.

“Bibi, mlioana lini?”

“Wakati wa kupalilia pamba.” Akautaja mwaka, bila kufikiri.

“Siku gani? Mwezi gani?”

Alicheka kidogo. “Mke mwenzangu, nani alikuwa na kalenda? Nilitoka nyumbani asubuhi, umande ulikuwa mwingi, ng'ombe walikuwa wametangulia jana yake. Hiyo ndiyo siku.”

Nataka nieleze kilichonipata hapo, kwa sababu sijawahi kumweleza mtu. Nilivitazama visanduku vile vinane. Ningeweza kujaza vinne vya mwisho na kuviacha vinne vya mwanzo vitupu, au niandike pembeni kwamba siku haikumbukwi. Watu wanafanya hivyo kila siku na dunia inaendelea. Mimi sikuweza. Nilikuwa na karatasi yenye siku, mwezi na mwaka, yenye sahihi za wazee saba na muhuri uliokaa katikati, na iliandikwa na mimi. Nilimwambia Bibi kwamba tutaandika ile ya Bujora. Akanitazama. “Ya ng'ombe wa mwisho?” akauliza. “Ile si ya juzi tu?” Nikamwambia kwamba ndiyo yenye ushahidi, na kwamba wazee wenyewe walitamka kuwa siku ile ndiyo ameolewa. Aliviringisha ncha ya khanga kidoleni. “Haya,” akasema. “Wewe ndiye uliyesoma.” Nilijaza visanduku vyote vinane, nikaambatanisha karatasi ya mahari na tafsiri yake, nikaituma kwa njia ya rejista. Nilikwenda nyumbani nikalala vizuri.

Barua zote zilikuja kwenye sanduku la posta la duka, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Niliisoma ile ya majibu nikiwa nimesimama palepale posta, watu wakinipita na vifurushi vyao. Ilikuwa fupi. Kufikia wakati ule nilikuwa naelewa bila kamusi, na heri nisingeelewa. Ilisema kwamba, kwa mujibu wa tarehe tulizotoa, ndoa haikufikisha mwaka mmoja kabla ya kifo, kwa hiyo sheria inachukulia kwamba ilifungwa kwa lengo la kupata pensheni. Maombi yamekataliwa. Mwenye kupinga, akiwa nje ya nchi yao, ana miezi mitatu tangu apate barua. Nilirudi dukani. Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi letu na kikapu, maana ilikuwa siku ya gulio. “Bado?” akaniuliza. Nikamwambia, “Bado, Bibi.” Neno hilo lilitoka lenyewe. Nikaingia ndani, nikaisukuma barua chini ya mabunda ya karatasi nyeupe, kwenye droo ya chini ambayo Mama Rozi hakuifungua kwa sababu ya mgongo wake.

Aliuliza kila siku ya gulio, na kila mara nilijibu vilevile, na kila mara aliniachia matobolwa kwenye mfuko wa rambo. Sikuweza kuyala, wala sikuweza kuyatupa. Yalijaa chini ya kitanda changu mpaka panya wakaja. Nilijiambia kwamba simdanganyi, kwamba naandaa pingamizi, na nikilimaliza nitamwambia yote kwa pamoja, kosa na dawa yake. Kweli nilikuwa nikiandika. Nilijifunza maneno mapya, Widerspruch, Beweis, Zeuge, pingamizi, ushahidi, shahidi, nikayabandika ukutani juu ya yale ya zamani. Niliandika barua ile mara kumi na moja. Ya kumi na moja ilikuwa na tofauti ya neno moja na ya kumi. Wiki kumi na moja zilipita hivyo. Baadaye sana, mtu mmoja aliyewahi kuishi huko aliniambia kwamba ingetosha kutuma mstari mmoja siku ileile ya kwanza, “sikubaliani,” basi, na ushahidi ungefuata taratibu. Mstari mmoja. Ningeweza kuuandika nimesimama pale posta.

Nilimwambia jikoni kwake, akiwa anachambua dagaa. Nilimweleza tangu mwanzo, visanduku, posta, droo, kila alipouliza na kila nilipojibu. Hakuinua macho. Alimaliza kichwa cha dagaa aliyekuwa mkononi, akakitupia kuku.

“Nilijua kuna jambo,” akasema. “Ulianza kunisalimia ukiangalia kikapu.”

“Nisamehe, Bibi.”

“Zimebaki siku ngapi?”

“Kumi na mbili. Lakini kufika tu barua, hata ya haraka, inataka tatu. Tuna tisa. Nahitaji kaka yako aandike kwamba uliolewa tangu wale ng'ombe saba, na mtendaji athibitishe.”

Hapo ndipo alipoinua uso. “Siku tisa?” akasema. “Lugembe? Mwanangu, Lugembe kukubali kubadilisha hata mlango wa zizi humchukua msimu mzima. Unamzoeza jambo leo, unalirudia mwezi ujao, mpaka anadhani amelifikiri yeye. Ungeniambia siku ile ya kwanza ningekuwa nimeshammaliza.” Alisema hivyo bila hasira, kama anayenieleza bei ya nyanya, na nadhani ningependa anipige. Nilitambua pia kwamba ameniita mwanangu.

Tulikwenda Bujora kesho yake. Lugembe alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo. Kisha akauliza kama ile karatasi yenye sahihi yake niliiandika mimi. Nikamwambia ndiyo. “Ilikuwa ya uongo?” Nikasema hapana. “Basi unataka niandike nyingine ya kuipinga. Niseme dada yangu alikuwa ameolewa kamili kwa ng'ombe saba. Halafu wale watano nilipokea wa nini? Nilimwibia Ngassa?” Bibi alimwambia, kwa Kisukuma na taratibu, kwamba hakuna anayesema ameiba, ni maneno ya kuwaelewesha Wazungu tu. “Maneno ya Wazungu yanakaa kwenye faili,” akasema Lugembe. “Baba alikubali kumi na wawili. Simgeuzi baba yangu mtu wa saba.” Tulirudi tena siku ya nne, na siku ya saba. Siku ya saba alisema atalifikiria baada ya mavuno. Bibi alinitazama tu. Nilituma pingamizi bila sahihi yake, na hata hivyo nilikawia siku nne zaidi nikitafuta mtu mwingine wa kutoa ushahidi, kwa sababu sikuweza kutuma kitu kisicho kamili. Walijibu kwamba muda umepita.

Aliondoka mwezi uliofuata. Nilimsaidia kufunga vitu: sufuria zake, redio ya Babu, ile kalenda ya treni. Mlangoni aligeuka akaangalia jiko lililobaki tupu, akasema, “Haya,” na akaingia kwenye gari la mpwa wake. Mimi niliacha kazi kwa Mama Rozi kabla ya mwaka kuisha. Nilisema nimepata nafasi bora, na baadaye kweli nikaipata. Katika miaka tisa nilimtembelea Bujora mara mbili. Mara zote mbili alinipa matobolwa, na mara zote mbili niliondoka mapema. Wake wa wapwa zake hawakumtendea ubaya wowote. Walimwekea chakula chake kwenye sahani, akala walipokula wao.

Lugembe aliingia sebuleni nikiwa bado kwenye lile neno moja. Amezeeka sana, macho yana utando, anaongozwa kwa bega la mtu. Yeye ndiye aliyemleta dada yake kuzikwa hapa, kando ya Ngassa, bila mtu kumwomba, kwa kuwa ng'ombe walikamilika na haki ni haki. Kwa hilo ile karatasi yangu ilifanya kazi yake. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akauliza wasifu umefika wapi. Nilimsomea. Nikafika mwisho, kwenye lile “Aliolewa”.

“Endelea,” akasema. “Aliolewa na Ngassa, mwaka ule alioondoka nyumbani.” Akautaja mwaka. Ulikuwa uleule alioutaja Bibi.

Nilimwuliza, polepole, kama si ile tarehe ya Bujora. Ya ng'ombe watano.

“Ile?” Alikunja uso. “Wasifu unasomwa mbele ya kanisa, wewe. Unataka watu wacheke, kwamba Holo aliolewa kabla ya mama yake? Andika mwaka ule. Kila mtu anajua aliolewa mwaka ule.” Akasubiri, akageuzia sikio lake kwenye daftari asikie kalamu. “Mbona huandiki?”

Hakunikumbuka. Nilimtazama vizuri na nikawa na hakika. Kwake nilikuwa binti fulani mwenye mwandiko. Ningeweza kumkumbusha. Nilikuwa na maneno ya kutosha, kwa lugha mbili. Lakini nje walikuwa wameshaanza kupanga viti kwa ajili ya ibada, mtu akapita akiuliza kama wasifu uko tayari, na nilikuwa nimechoka. Niliandika mwaka. Mbele yake nilikuwa nimeacha nafasi ya siku na mwezi, kwa mazoea. Niliipiga mstari nafasi ile, kwa mkono tu, ukaenda upande, na sikuuliza siku.